Istilahi za Kuandikisha Kampuni Mpya Ugenini: Mifano ya Uingereza na Ujerumani

Wafasiri wa Kiswahili siku hizi huletewa aina ya hati ambayo zamani ilikuwa nadra mikononi mwao, nayo ni maelezo ya masharti ya kisheria ya kuandikisha kampuni katika nchi ya kigeni. Wanaoyahitaji ni wafanyabiashara wa pwani na bara wanaotaka kuuza kahawa, viungo au vinyago katika Ulaya kwa jina la kampuni iliyo huko huko. Ni wenzetu waliokwisha kuhamia huko. Tena ni watumishi wa wizara na balozi, ambao wananchi huwaendea na maswali. Kiswahili cha hati hizo aghalabu husomeka bila taabu. Lakini sheria ya kampuni ni tawi la sheria ambamo neno moja laweza kumtia mtu katika deni asilolijua, naye asitambue hivyo mpaka siku atakapodaiwa.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuchambua baadhi ya istilahi za somo hili kwa kuzifuata katika nchi mbili. Ya kwanza ni Uingereza, ambayo sheria yake ndiyo mzazi wa sheria zetu: sheria ya kampuni ya Tanganyika ya 1932 iliifuata ile ya Kiingereza ya 1929, ile ya Kenya ya 1962 iliifuata ya 1948, na hii ya Kenya ya 2015 imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya 2006. Ya pili ni Ujerumani, ambayo utaratibu wake ni mgeni kwetu karibu katika kila hatua. Mfasiri atadhani kwamba hatari iko zaidi katika nchi ya pili. Sisi tumeona kwamba iko zaidi katika ile ya kwanza, maana huko maneno yanafanana na yetu ilhali mambo yenyewe yamekwisha kubadilika.

Tawi, tanzu na binti

Tafsiri moja iliyotufikia ilieleza njia mbili ambazo kampuni ya Afrika Mashariki yaweza kuzifuata ili ifanye biashara Uingereza. Katika asili njia hizo zilitajwa kwa majina mawili yaliyo mbali kabisa. Mfasiri akaziita zote mbili "tawi". Hatumlaumu sana, kwani hata istilahi iliyozoeleka ya njia ya pili, yaani "kampuni tanzu", humvuta msomaji kwenye kosa lile lile. Tanzu ni nini, kama si matawi madogo ya mti?

Kisheria tofauti ni kama ifuatavyo. Kampuni iliyokwisha kuandikishwa Tanzania yaweza kufungua mahali pa biashara London. Ikifanya hivyo, sheria ya Uingereza inaitaka ijiandikishe kwa msajili, katika ofisi iitwayo Companies House, ndani ya mwezi mmoja tangu kufungua mahali hapo, na ipeleke nakala iliyothibitishwa ya katiba yake, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa ikiwa katiba hiyo haikuandikwa kwa Kiingereza. Hapa hakuna mtu mpya aliyezaliwa. Tawi la London ni mkono wa kampuni ya Dar es Salaam, na deni la mkono ni deni la mwili mzima. Mdai wa London asipolipwa, aweza kuiandama kampuni yenyewe na mali yake yote, hata magari na maghala yaliyoko Dar es Salaam.

Njia ya pili ni kuunda kampuni mpya huko Uingereza, ambayo hisa zake zitashikwa na ile ya nyumbani. Huyu sasa ni mtu mwingine. Ana jina lake, mali yake na madeni yake; akifilisika, wadai wake hawana haki, kwa kawaida, juu ya mali ya mwenye hisa. Kanuni hii iliimarishwa na kesi ya Salomon, iliyoamuliwa na Baraza la Malordi la Uingereza mwaka 1896. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu mjini London, akaigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Hisa zilikuwa 20,007. Yeye alikuwa na 20,001, na zilizobaki zilikuwa moja moja kwa mkewe na watoto wao watano. Kampuni ilipofilisika wadai walitaka yeye alipe, wakisema kwamba kampuni na Salomon ni kitu kimoja. Malordi walikataa. Kampuni, walisema, ni mtu mbali kisheria, hata kama hisa zake karibu zote zimo mkononi mwa mmoja.

Basi mfasiri anayeandika "tawi" mahali palipokusudiwa kampuni mpya amemwambia msomaji kwamba madeni ya ng'ambo yatamfuata nyumbani, ilhali hayatamfuata. Anayekosea kwa upande wa pili amefanya ubaya zaidi, kwa sababu amemhakikishia ulinzi ambao haupo.

Wajerumani, kwa lugha yao, huiita kampuni ya namna hii "binti", na kwa kweli binti anaelekeana vizuri zaidi na "kampuni mama" kuliko tanzu. Haijapata kuonekana mama aliyezaa kijiti. Hata hivyo "kampuni tanzu" imekwisha kuenea katika magazeti na taarifa za mabenki, nasi hatupendekezi kuing'oa. Tunachopendekeza ni kwamba kila inapotokea kwa mara ya kwanza ifuatwe na maelezo mafupi, kwa mfano "yaani kampuni mbali kisheria ambayo hisa zake zinamilikiwa na kampuni nyingine". Yafaa pia ikumbukwe kwamba kampuni mpya iliyoundwa ugenini na watu binafsi wenyewe, wala si na kampuni yao ya nyumbani, haiwi tanzu ya yeyote. Hiyo ni kampuni tu.

Kuunda, kusajili, kuzaliwa

Vitenzi "kuandikisha" na "kusajili" twavitumia kwa maana moja, na hapana haja ya kuvigombanisha. Haja ipo ya kuvitenga na "kuunda". Waanzilishi ndio wanaounda, kwa kutia saini. Msajili ndiye anayesajili, kwa kuandika katika daftari lake na kutoa cheti. Kampuni huwa mtu kisheria tangu tarehe iliyo katika cheti hicho, wala si tangu siku ya saini, wala si tangu siku ya kulipa ada.

Muda ulio kati ya matendo hayo mawili una hatari zake. Mtu akikodi ghala kwa jina la kampuni ambayo bado haijapata cheti, sheria ya Uingereza humhesabu yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyefunga mkataba, isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana vinginevyo. Ujerumani nako waliotenda kwa jina la kampuni kabla haijaingizwa katika daftari huwajibika kwa mali zao wenyewe, kila mmoja kwa deni zima. Kiswahili kina njakati na viambishi vya kutosha kulieleza jambo hili. Mfasiri asiandike "kampuni" pale ambapo asili inasema "kampuni itakayoundwa", hata kama urefu unamchosha.

Kuna mtego mwingine, unaotokana na desturi yetu. Mwananchi wa Tanzania amezoea kusikia habari ya "kusajili jina la biashara", nalo ni jambo la kweli chini ya sheria yake ya pekee, linaloshughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Mwenye jina la biashara hana kampuni. Ana jina tu, na madeni yote ni yake. Uingereza iliwahi kuwa na daftari kama hilo, ikalifuta mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo atakayetafuta huko mahali pa kusajili jina peke yake hatapaona, na mfasiri anayetafsiri "kuandikisha kampuni" kuwa "kuandikisha biashara" anampeleka mtu kwenye mlango uliokwisha kuzibwa.

Dhima ni ya nani?

Istilahi "kampuni yenye dhima ya kikomo" imo katika kamusi na katika hati za serikali, na imetusaidia sana. Walakini ina kasoro ambayo walimu wa biashara hawana budi kuionyesha darasani. Ukiisoma kama ilivyo, inasema kwamba kampuni ndiyo yenye dhima ya kikomo. Sivyo. Kampuni hudaiwa madeni yake yote, mpaka senti ya mwisho ya mali yake. Wenye kikomo ni wanachama wake: mwanachama aliyelipa hisa zake zote hawezi kudaiwa zaidi, na ambaye hajazilipa zote hudaiwa baki tu. Katika tafsiri ya sheria, ambapo kila neno hupimwa, twaona ni bora kuandika "kampuni ambayo dhima ya wanachama wake ina kikomo". Katika barua na magazeti istilahi fupi itaendelea kutumika, na iendelee.

Tumesema "wanachama" kwa makusudi. Wengi hupendelea "wanahisa", lakini Uingereza inazo kampuni zisizo na hisa kabisa, ambazo wanachama wake huahidi tu kutoa kiasi fulani cha fedha ikiwa kampuni itavunjwa. Vyama vingi vya hisani huko vimeandikishwa kwa namna hiyo. Mwanahisa ni mwanachama. Si kila mwanachama ni mwanahisa. Tunajua kwamba kwetu "mwanachama" hunukia siasa na ushirika, lakini hatujaona neno linalofaa kuliko hilo.

Neno jingine lenye harufu ya historia ni "umma". Sheria ya Uingereza hugawa kampuni katika mafungu mawili, binafsi na za umma. Mtumishi wa serikali wa Tanzania aliyekua na mashirika ya umma baada ya Azimio la Arusha la 1967 atadhani kwamba kampuni ya umma ni mali ya serikali. Maana yake huko ni kampuni ambayo hisa zake zaweza kutangazwa na kuuzwa kwa watu wote, nayo yaweza kuwa mali ya matajiri watupu. Kampuni ya namna hiyo haina budi kuwa na mtaji wa hisa usiopungua pauni 50,000, robo yake ikiwa imekwisha kulipwa, na hairuhusiwi kuanza biashara mpaka ipate cheti kingine juu ya kile cha usajili. Anayeanza aghalabu haihitaji.

Katiba moja, hati mbili

Katika ofisi zetu za usajili waraka wa uanzilishi na kanuni za kampuni vimezoea kubanwa pamoja na kuitwa "katiba ya kampuni". Desturi hiyo ilifaa zamani. Chini ya sheria za Uingereza za karne ya 19, kuanzia 1856, waraka wa uanzilishi ulikuwa msingi wa kila kitu, na baadaye ukawa na nguvu ya kuifunga kampuni isitoke nje ya madhumuni yaliyotajwa humo. Mwaka 1875 Malordi waliamua kwamba mkataba wa kugharimia reli huko Ubelgiji, uliofungwa na kampuni ambayo madhumuni yake yalikuwa kutengeneza mabehewa na vifaa vya reli, ulikuwa batili tangu mwanzo, na hata idhini ya wanachama wote isingeweza kuuhuisha. Ndiyo maana mawakili wa siku hizo waliandika madhumuni kurasa kwa kurasa, toka uchimbaji wa madini hadi ufugaji wa kuku, ili kampuni isije ikakutwa nje ya uzio wake.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2009, Sheria ya 2006 ilipoanza kutumika yote, hali imegeuka. Waraka wa uanzilishi wa Uingereza sasa ni karatasi fupi mno. Waliotia saini wanatamka kwamba wanataka kuunda kampuni, kwamba wanakubali kuwa wanachama wake na, ikiwa ni kampuni yenye hisa, kwamba kila mmoja atachukua angalau hisa moja. Basi. Madhumuni hayatakiwi tena. Kampuni yaweza kufanya jambo lolote lililo halali, isipokuwa kanuni zake zenyewe zimelizuia. Uzito wote umehamia katika kanuni, na asiyepeleka kanuni zake mwenyewe huhesabiwa kuwa amezikubali kanuni za mfano zilizowekwa na serikali.

Sheria hiyo ya Uingereza inalo pia neno la tatu, linalojumlisha kanuni pamoja na maazimio fulani ya wanachama. Hilo ndilo linalostahili kuitwa "katiba". Kwa hiyo twapendekeza wafasiri watenganishe: "waraka wa uanzilishi" kwa karatasi ile ya saini, "kanuni za kampuni" kwa hati inayoongoza mambo ya ndani, na "katiba" kwa jumla hiyo. Mfasiri ambaye bado anaiita ile karatasi fupi "katiba" atamfanya mteja wake amlipe wakili amwandikie madhumuni ya kurasa kumi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Yanayoandikwa katika maombi

Pamoja na hati hizo, mwombaji hujaza jina la kampuni, sehemu ya Ufalme ambamo itakuwamo, idadi na thamani ya hisa, wakurugenzi, na watu wenye udhibiti. Na tangu tarehe 4 Machi 2024 hutakiwa pia kutamka kwamba madhumuni ya kampuni ni halali, na kutoa anwani ya barua pepe. Mengi ya haya hayamsumbui mfasiri. Tutayataja yale yanayomsumbua.

Jina, kwa kampuni binafsi yenye hisa, humalizika kwa neno linaloonyesha kikomo cha dhima, nalo halitafsiriwi kwa Kiswahili, kwa kuwa ni sehemu ya jina. Wapenda lugha watafurahi kujua kwamba kampuni ambayo makao yake yamewekwa Wales inaruhusiwa kutumia neno la Kiwelisi, "cyfyngedig", mahali pa lile la Kiingereza, na hati zake nyingi zaweza kupelekwa kwa lugha hiyo. Kiswahili nacho, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2021, ndicho lugha ya sheria nchini humo. Ndiyo sababu swali la istilahi hizi halitaishia kwenye hati za ng'ambo.

Anwani ya makao imeleta madhara yasiyotazamiwa. Kwa Mwafrika Mashariki, anwani ni S.L.P. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuandika barua, na ndivyo ofisi zetu nyingi zinavyojitambulisha mpaka leo. Fomu iliyotafsiriwa "andika anwani ya kampuni" humfanya mwombaji aandike nambari ya sanduku kwa moyo mweupe. Huko Uingereza sanduku la posta halikubaliki. Panatakiwa mahali halisi, katika sehemu ile ya Ufalme ambamo kampuni imeandikishwa, ambapo hati ikifikishwa itategemewa kumfikia mtu anayeiwakilisha kampuni. Si lazima pawe mahali pa kazi. Wengi hutumia ofisi ya mhasibu. Hapa ni barua za mahakama na za serikali zinazohusika, na barua isiyosomwa haizuii hukumu kutolewa. Twapendekeza "makao rasmi ya kampuni" mahali pa "anwani", kwa sababu neno "makao" halimkumbushi mtu sanduku.

"Mkurugenzi" ni cheo cha serikali kwetu. Halmashauri ina mkurugenzi wake, na kila idara ya wizara ina wake, naye ni mwajiriwa mwenye mshahara. Mkurugenzi wa sheria ya kampuni aweza kuwa asiye na mshahara wala meza. Alichonacho ni wajibu. Sheria ya 2006 imeuorodhesha wajibu huo, ukiwamo ule wa kuepuka mgongano kati ya maslahi yake na ya kampuni. Mara nyingi ndugu huandikwa kuwa wakurugenzi kwa heshima tu, kama vile mtu anavyoalikwa kukaa mbele harusini. Heshima hiyo ni mzigo, na tafsiri yapasa iseme hivyo. Kampuni binafsi ya Uingereza yatosha kuwa na mkurugenzi mmoja, ambaye lazima awe binadamu na si kampuni nyingine, mwenye umri usiopungua miaka 16. Katibu wa kampuni halazimiki tena kwa kampuni binafsi tangu Aprili 2008.

Wala haidaiwi kwamba mkurugenzi awe raia au mkazi wa Uingereza. Jambo hili huwashangaza wengi, na wengine hulichukua kuwa sheria ya Ulaya nzima. Ireland, iliyo jirani, inataka angalau mkurugenzi mmoja awe mkazi wa nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya, au kampuni iweke dhamana ya euro 25,000. Ukazi na uraia ni vitu viwili, na fomu huuliza vyote viwili kwa mistari iliyokaribiana.

Kisha wako wale wenye udhibiti. Tangu 2016 kampuni ya Uingereza hulazimika kumtaja kila mwenye hisa au kura zaidi ya asilimia 25, au haki ya kuteua na kuondoa wakurugenzi walio wengi, au ushawishi mkubwa wa namna nyingine. Tanzania ilipoingiza sharti la jamii hii mwaka 2020, istilahi iliyotumika ilikuwa "mmiliki manufaa". Ni istilahi nzuri kwa sheria ya Tanzania, lakini haifai kuhamishiwa Uingereza bila kufikiri, kwa kuwa mtu aweza kuidhibiti kampuni ya huko bila kumiliki hata hisa moja. Baba anayewateua wakurugenzi wote wa kampuni ya wanawe, akisoma "mmiliki", atajibu kwa unyofu kabisa kwamba yeye si mmiliki. Naye atakuwa ameficha jambo ambalo kulificha ni kosa la jinai. Kwa hiyo, "mwenye udhibiti mkubwa".

Tangu tarehe 18 Novemba 2025 mkurugenzi mpya hana budi pia kuthibitisha kwamba yeye ndiye, ama mwenyewe kwa msajili, ama kwa wakala aliyeidhinishwa. Twataja hili kwa ajili ya majina yetu. Fomu za Kizungu hutaka "jina la ukoo", na wengi wetu hatuna. Tuna jina letu, la baba na la babu. Kiandikwe kile kilicho katika pasipoti, kwa mpangilio wa pasipoti, hata kama mwenye jina ataona kwamba ameitwa kwa jina la babu yake.

Mtaji na mthibitishaji

Tuvuke sasa kwenda Ujerumani, ambako kampuni ya kawaida ya wafanyabiashara wadogo na wa kati huitwa kwa kifupi GmbH, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1892. Hapa "mtaji" unapata uzito usio nao Uingereza. Kampuni binafsi ya Uingereza yaweza kuundwa kwa hisa moja ya pauni moja, kiasi kwamba msomaji aliyezoea kuita "mtaji" zile fedha za kuanzia biashara huona ni mzaha. GmbH yataka mtaji wa euro 25,000, na kabla ya maombi kupelekwa lazima iwe imekwisha kulipwa angalau robo ya kila hisa ya fedha taslimu, na kwa jumla si chini ya euro 12,500. Mfasiri atofautishe "mtaji ulioandikwa" na "mtaji uliolipwa", la sivyo mtu atasafiri na nusu ya fedha akidhani deni limekwisha. Kile kisicholipwa bado anadaiwa. Tangu 2008 ipo pia aina ndogo inayoweza kuanza na euro moja, lakini sheria inailazimisha ibebe katika jina lake maneno ya kutangaza kikomo cha dhima kwa urefu wake, pasipo kufupishwa, ili wanaofanya nayo biashara wajue wanaongea na nani.

Anayeiongoza GmbH si "mkurugenzi wa bodi", kwani kwa kawaida bodi haipo. Ni mtu au watu wenye mamlaka ya kuiwakilisha kampuni mbele ya wote. "Meneja mwakilishi" inatufaa zaidi.

Lakini ugumu mkubwa ni neno "kuthibitisha". Kwetu wakili aliye kamishna wa viapo hushuhudia saini, hugonga muhuri, na kazi imekwisha kwa dakika chache. Ujerumani ina matendo mawili tofauti. La kwanza linafanana na letu: mthibitishaji hushuhudia kwamba saini ni ya fulani, na hili linatosha kwa maombi yanayopelekwa kwenye daftari la biashara, ambalo huko hutunzwa na mahakama. La pili halina mfano kwetu. Kanuni za kampuni lazima ziandaliwe kama hati rasmi na mthibitishaji, ambaye ni mwanasheria mwenye dhamana ya umma na asiye wakili wa upande wowote. Naye huisoma hati yote kwa sauti mbele ya wahusika, kifungu kwa kifungu, ndipo wakubali na kutia saini. Tangu Agosti 2022 kikao hicho chaweza kufanywa kwa njia ya video, lakini kusoma hakukuondolewa. Tukiyaita matendo yote mawili "kuthibitisha", mteja atapeleka hati iliyogongwa muhuri Arusha au Nakuru, na itarudishwa. Tunapendekeza "kushuhudia saini" kwa lile la kwanza na "kuandaa hati rasmi" kwa la pili.

Sheria ya Ujerumani inasema zaidi kwamba mhusika asiyeifahamu vya kutosha lugha ya hati lazima atafsiriwe kwa mdomo, badala ya kusomewa tu. Na mthibitishaji asipofanya tafsiri hiyo mwenyewe huitwa mkalimani, ambaye huapishwa ikiwa si mwenye kiapo cha jumla, isipokuwa wahusika wote wamesamehe kiapo hicho. Mhusika aweza pia kudai tafsiri ya maandishi aisome. Basi Mtanzania au Mkenya ana haki ya kuzisikia kanuni za kampuni yake kwa Kiswahili. Mkalimani wa kikao hicho hana nafasi ya kufungua kamusi wala kuandika maelezo ya chini. Kifungu kikimfikia kinachosema kwamba mwanachama atalipa nusu ya pili "atakapotakiwa", naye akasema "akitaka", mtu aliyeketi kando yake ametia saini deni akidhani ni hiari.

Tumetumia neno "mthibitishaji" kwa ofisa huyu bila kuridhika nalo. Wenzetu wa Kongo, ambao sheria yao imetoka katika jamii ile ile ya sheria za bara la Ulaya, wamemzoea ofisa wa namna hii kupitia Kifaransa, na wengi wao husema "notari". Tungependa kusikia kutoka kwa wafasiri wa Lubumbashi, Bukavu na Goma kama neno hilo limekita mizizi katika Kiswahili cha huko kiasi cha kuweza kupokewa na wengine, na kama wao hutofautisha kati ya kushuhudia saini na kuandaa hati rasmi.